Mume, Mke na Kodi ya Mapato

Kodi ya mapato ya Tanzania Bara humhesabu mtu mmoja mmoja. Mwalimu anayekatwa kodi ya mshahara mjini Bariadi hapunguziwi kitu kwa kuwa ana mke asiye na ajira, wala haongezewi kwa kuwa mke huyo naye yuko kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Nafuu aliyonayo ni ile ya kila mwajiriwa: kwa viwango vilivyoanza kutumika Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza za kila mwezi, baada ya kuondoa mchango wa pensheni, hazitozwi kabisa. Kutoka hapo hadi 520,000 kiwango ni asilimia 8, hadi 760,000 ni asilimia 20, hadi 1,000,000 ni asilimia 25, na kinachozidi milioni hutozwa asilimia 30. Ngazi hii hupandwa na mtu peke yake, lakini mshahara huliwa na kaya nzima. Swali la haki linalotokana na hali hiyo ni la zamani kuliko sheria yenyewe: anayepaswa kulinganishwa na mwenzake mbele ya mtoza kodi ni nani, mtu au nyumba?

Hesabu huonyesha uzito wa swali. Chukulia kaya mbili zinazoishi Somanda, mjini Bariadi. Katika ya kwanza mume ni ofisa wa halmashauri mwenye mshahara unaotozwa kodi wa shilingi 1,200,000, na mkewe hana ajira ya mshahara. Katika ya pili mume ni mwalimu na mke ni muuguzi, kila mmoja 600,000. Zote mbili hupokea 1,200,000 kwa mwezi. Ya kwanza hukatwa 188,000. Ya pili hukatwa 36,000 mara mbili, yaani 72,000. Tofauti ni shilingi 116,000 kila mwezi, na kwa mwaka 1,392,000, kiasi kinachozidi mapato ya mwezi mzima ya kaya yoyote kati ya hizo. Sababu haijifichi. Mke wa ofisa naye ana haki ya 270,000 zisizotozwa, ila haki hiyo hukaa bure kwa kuwa hana mshahara wa kuifunika. Na madaraja ya chini ya asilimia 8 na 20, ambayo mwalimu na muuguzi huyatumia mara mbili, ofisa huyapita mara moja tu.

Tofauti hiyo haikui sawasawa na kipato. Kaya yenye jumla ya 540,000, ikiwa mshahara ni mmoja, hukatwa 24,000. Ikiwa ni miwili iliyo sawa, haikatwi hata senti. Jumla ikifika 1,000,000 tofauti ni 91,200. Ikifika 1,520,000 ni 148,000, karibu asilimia 10 ya mapato yote ya kaya. Ikifika 2,000,000 ni 172,000, na hapo husimama. Kaya ya milioni 4, au ya milioni 10, hupoteza 172,000 zile zile, maana mume na mke wote wakishavuka milioni moja hakuna tena daraja la chini la kugombania. Kwa mwenye milioni 4 hiyo ni asilimia 4.3 tu. Mzigo wa kuhesabiwa mmoja mmoja, basi, haumlemei maskini, ambaye hafiki kwenye ngazi, wala haumlemei sana tajiri. Humlemea mtu wa kati, hasa mtumishi aliyepanda cheo akiwa peke yake anayeingiza mshahara nyumbani. Katika mji kama Bariadi, uliofanywa makao makuu ya mkoa wa Simiyu mwaka 2012 na hivyo kupokea ofisi za mkoa pamoja na watumishi wake, watu wa namna hiyo si wachache.

Ni rahisi kusema kwamba serikali ingeweza kurekebisha jambo hili kama ingetaka. Ugumu wenyewe umo ndani ya hesabu. Watu wengi wakiulizwa hukubali mambo matatu kwa pamoja: kwamba mwenye kipato kikubwa atozwe sehemu kubwa zaidi ya kipato chake, kwamba kaya mbili za wanandoa zenye mapato sawa zilipe sawa, na kwamba kuoa au kuolewa kusibadilishe kodi ya mtu. Haya matatu hayawezi kukaa pamoja. Ofisa na mkewe wakiwa bado hawajaoana, jumla ya kodi yao ni 188,000; mwalimu na muuguzi kabla ya ndoa hulipa 72,000. Ikiwa ndoa haibadilishi kitu, baada ya harusi kiasi kitabaki hivyo hivyo, na kaya zenye mapato sawa zitakuwa zimelipa tofauti. Zikilazimishwa kulipa sawa, basi ndoa itakuwa imemletea mmoja wao faida au hasara. Njia pekee ya kuyaokoa mawili ya mwisho ni kulitupa la kwanza na kutoza kila shilingi kwa kiwango kimoja, bila hata sehemu ya kwanza isiyotozwa. Hakuna ustadi wa kutunga sheria unaokwepa mgongano huu. Kilichobaki ni kuchagua lipi kati ya matatu liumie.

Dini zililijua tatizo hili kabla ya mamlaka za mapato, na majibu yake yana mafunzo ambayo wachumi huyapita haraka. Fungu la kumi la Wakristo halina ngazi wala kiwango cha kuanzia. Kumi la mume likijumlishwa na kumi la mke ni lile lile kumi la nyumba, kwa hiyo kanisa halina haja ya kuuliza nani alipata nini. Zaka ya Kiislamu ni nzito zaidi kifikra kwa sababu ina nisabu, yaani kiwango ambacho chini yake mtu hadaiwi. Mali ya mke ni yake na ya mume ni yake, ndoa haiziunganishi. Mume mwenye dhahabu ya akiba ya gramu 50 na mke mwenye gramu 50 hawadaiwi zaka, kwa kuwa hakuna aliyefikisha takriban gramu 85. Kama zingehesabiwa pamoja, wangedaiwa.

Katika mifugo, hata hivyo, mafakihi wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi Afrika Mashariki, wana kanuni ya khulta: mifugo ya wenye mali mbalimbali ikichungwa pamoja, ikilala zizi moja na kunywa maji pamoja, huhesabiwa kama kundi moja. Matokeo yake huenda pande zote mbili. Watu wawili wenye mbuzi 20 kila mmoja hawadaiwi wakiwa mbalimbali, lakini wakichanganya hufikisha 40 na kudaiwa mbuzi mmoja. Watu watatu wenye mbuzi 40 kila mmoja hudaiwa watatu wakitengana, na mmoja tu wakichanganya, kwa kuwa kuanzia 40 hadi 120 kinachotolewa ni mbuzi mmoja. Mtume alikataza mifugo iliyo pamoja kutenganishwa, au iliyo mbalimbali kukusanywa, kwa kuikimbia zaka. Kwa maneno mengine, mapema kabisa ilikwisha kuonekana kwamba palipo na viwango, kuungana na kutengana huwa na bei, na kwamba watu watajipanga kulingana na bei hiyo.

Jambo la tatu ni zaka ya fitri. Hiyo hutolewa na mkuu wa nyumba kwa ajili yake na wote anaowalisha, kichwa kwa kichwa. Sheria ile ile inayomtenga mke katika dhahabu yake humwunganisha na mume katika chakula. Hakuna mkanganyiko hapo. Kinachohesabiwa ndicho huamua nani ahesabiwe: mali ina mwenyewe, lakini ulaji ni wa nyumba. Hoja hii ndiyo iliyo na nguvu kuliko zote katika mjadala mzima, na ndiyo inayokosekana pale watu wanapodai kwamba kodi lazima ichague mtu au kaya kwa mambo yote.

Historia ya kodi nchini ina mifano ya kila aina ya hesabu, na baadhi yake ni ya kejeli. Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba mwaka 1897. Waingereza wakaiendeleza kwa sheria ya kodi ya nyumba na kichwa ya 1922. Usukumani, ambako mke wa pili au wa tatu aliwekewa nyumba yake, kila nyumba ya mke wa ziada ilitozwa. Kodi ya mapato ilipoletwa Tanganyika mwaka 1940 ilifuata mtindo wa makoloni ya Kiingereza, uliompa mwanamume punguzo kwa kuwa na mke na watoto. Hivyo kwa muda mke alimpunguzia kodi mlipaji wa Kizungu na kumwongezea Msukuma. Kwa mmoja mke alihesabiwa kuwa mzigo wa mumewe, kwa mwingine kuwa dalili ya utajiri wake. Hakuna mke aliyehesabiwa kuwa mtu mwenye kipato chake. Kodi ya maendeleo, mrithi wa mwisho wa kodi ya kichwa, ilifutwa mwaka 2003.

Azimio la Arusha la 1967 lilikwenda njia nyingine. Lilimkataza kiongozi kupokea mishahara miwili, kuwa na hisa katika kampuni za kibepari au kupangisha nyumba, kisha likaeleza kwamba kiongozi maana yake ni yeye pamoja na mwenzi wake. Walioliandika walijua mwanya uko wapi: nyumba ya kupangisha ingeandikwa jina la mke, na kiongozi angebaki msafi kwenye karatasi. Masharti hayo yalilegezwa na Azimio la Zanzibar mwaka 1991, lakini mwanya wenyewe haujaondoka. Katika kodi ya makadirio ya wafanyabiashara wadogo, mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi. Duka moja la Lamadi lenye mauzo ya milioni 7 hutozwa. Likigawanywa kuwa vibanda viwili, kimoja cha mume na kimoja cha mke, kila kimoja kinaweza kukaa chini ya mstari. Anayeishi kwa mshahara hana namna ya kumwandikia mkewe nusu ya kazi yake, na kwa hiyo hesabu ya mtu mmoja mmoja humbana mwajiriwa kuliko mfanyabiashara.

Sheria ya Ndoa ya 1971 huleta hoja nzito zaidi dhidi ya utaratibu uliopo. Sheria hiyo inakubali kwamba ndoa haibadilishi umiliki wa mali, jambo linalolingana na kodi. Lakini kifungu cha 63 humlazimisha mume kumtunza mke au wake zake kwa malazi, mavazi na chakula kulingana na uwezo wake, na kifungu cha 114 huruhusu mahakama kugawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja. Katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali hiyo. Mke wa ofisa wa Somanda, basi, ni mchangiaji mbele ya hakimu na si kitu mbele ya mtoza kodi; mumewe ana wajibu wa kisheria wa kumlisha, na fedha anayomlishia hutozwa kama vile angeitumia peke yake. Serikali inayowaunganisha watu kwa wajibu inawatoza kama wapangaji wawili wasiojuana.

Ujerumani ililijibu dai la namna hiyo mwaka 1958 kwa kujumlisha mapato ya wanandoa, kuyagawa kwa mbili, na kutoza kila nusu. Ofisa na mkewe wangelipa 72,000, sawa na majirani zao. Yapo matatizo mawili, na Simiyu huyaonyesha vizuri kuliko Berlin. La kwanza ni mke anayeanza kazi. Mke wa ofisa akipata kibarua cha shilingi 300,000, kwa utaratibu wa Tanzania hukatwa 2,400. Kwa utaratibu wa kugawa, kodi ya nyumba ingepanda kutoka 72,000 hadi 132,000. Kazi yake ingeleta kodi ya 60,000, asilimia 20 ya ujira wake. Kaya kwa jumla bado ingelipa pungufu ya inavyolipa sasa, lakini mke angekuwa anaingia kazini akiwa tayari amepandishwa ngazi na mshahara wa mumewe, na katika mazungumzo ya nyumbani kuhusu nani abaki na watoto hesabu hiyo husikika. Sweden ilihamia kodi ya mtu mmoja mmoja mwaka 1971 kwa sababu za aina hiyo, na Uingereza ikaacha mwaka 1990 desturi ya kuyahesabu mapato ya mke kuwa ya mumewe. Kenya nayo ilikuwa na kifungu cha 45 cha sheria yake ya kodi ya mapato, kilichoyachukua mapato ya mke anayeishi na mumewe kuwa ya mume, ingawa leo nafuu binafsi ya shilingi 2,400 za Kenya kwa mwezi ni sawa kwa mwenye ndoa na asiye nayo.

Tatizo la pili ni ndoa ya wake wengi, ambayo Sheria ya Ndoa inaitambua. Ikiwa mapato yanagawanywa kwa wanandoa, ofisa mwenye wake watatu angeigawa 1,200,000 kwa nne. Kila fungu la 300,000 lingetozwa 2,400, na nyumba nzima ingelipa 9,600 badala ya 188,000. Serikali ikikataa na kusema mke mmoja tu ndiye ahesabiwe, itakuwa imemwambia mtu ni ndoa ipi kati ya ndoa zake halali iliyo ya kweli. Ongeza kwamba ndoa nyingi za kimila zimefungwa kwa ng'ombe na mashahidi wa ukoo bila cheti, na kwamba kifungu cha 160 hudhania kuwapo kwa ndoa pale mwanamume na mwanamke walipoishi pamoja miaka miwili na kujulikana hivyo. Nafuu inayotegemea ndoa ingemfanya ofisa wa kodi kuwa mwamuzi wa mambo ambayo wazee wa koo hukesha wakiyajadili.

Dhana ya kaya yenye mshahara mmoja inahitaji pia kutazamwa kwa jicho kali. Mke wa ofisa huyo huenda ana shamba la mpunga, mahindi au karanga, na chakula chake hakipiti kwenye orodha ya mishahara. Mwalimu na muuguzi hununua unga, humlipa dada wa kazi, na hupoteza nauli. Mapato sawa ya fedha si uwezo sawa wa kuishi. Sehemu ya 116,000 zile, ingawa si zote, hufidia tofauti hiyo bila mtu kukusudia.

Upande wa wakulima swali hugeuka kabisa. Simiyu ni mkoa wa pamba, na pamba hulimwa, hupaliliwa na huchumwa kwa mikono ya mume, wake na watoto, kisha huuzwa kupitia chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS) kwa jina la mwanachama mmoja, ambaye mara nyingi ni baba. Tozo wanayokutana nayo ni ushuru wa halmashauri, uliopunguzwa mwaka 2017 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa ya chakula. Hulipwa na mnunuzi, ingawa ni vigumu kuamini kwamba haugusi bei ya mkulima. Ushuru huu hauna ngazi wala sehemu isiyotozwa, na kwa hiyo, kama fungu la kumi, haujali ndoa. Haujali pia kama kilo 500 za pamba zimetoka kwa kijana mseja wa Mwanhuzi au kwa nyumba ya watu 12 huko Itilima. Usawa kati ya ndoa na ndoa hapa hupatikana kwa kumsahau mlaji.

Kadiri mishahara inavyopanda, suala hili litawagusa wengi zaidi. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipandishwa kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, lakini mstari wa 270,000, uliowekwa mwaka 2020, haukusogezwa. Mwenye kima cha chini, pasipo kuhesabu pensheni, alitoka kukatwa 8,000 hadi 18,400. Kusogeza mstari kungesaidia, ila kungezisaidia zaidi kaya zenye mishahara miwili, zinazoutumia mara mbili.

Njia yenye mantiki bora ni ile ya zaka ya fitri: kipato kitozwe kwa aliyekipata, na nafuu ifuate vinywa vinavyolishwa. Hapo umbo la nafuu ndilo huamua nani ananufaika kipato kinapopanda. Ikiwa kila mtoto anapunguza shilingi 50,000 kwenye mshahara unaotozwa, mwenye milioni 4 huokoa 15,000 kwa kila mtoto, na mwenye kima cha chini 4,000, kwa kuwa mmoja yuko kwenye asilimia 30 na mwingine kwenye asilimia 8. Ufaransa, ambayo tangu 1945 hugawa mapato ya familia kwa mafungu yanayohesabu pia watoto, ilibidi mwanzoni mwa miaka ya 1980 iwekee kikomo faida hiyo kwa matajiri. Uingereza ilipoleta mwaka 2015 nafuu ndogo kwa wanandoa, iliifuta moja kwa moja kwa mwenye kipato akivuka daraja la kawaida, kiasi kwamba nyongeza ndogo ya mshahara inaweza kuiondoa yote. Punguzo la kiasi kimoja kwenye kodi yenyewe, mfano shilingi 10,000 kwa kila mtoto, halina kasoro hizo mbili, na cheti cha kuzaliwa ni ushahidi mwepesi kuliko ndoa. Lina udhaifu wa aina nyingine: katika Simiyu, mkoa ulio miongoni mwa yenye kaya kubwa zaidi nchini, lingeigharimu hazina, na lisingemfikia asiyekatwa kodi ya mshahara, yaani wengi wa wakazi wake.

Kwa hao, nafuu kwa kila mtoto imepita nje ya kodi. Ada iliondolewa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na kwa kidato cha tano na sita kuanzia 2022, bila kuuliza kipato wala ndoa ya mzazi. Ruzuku ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) nayo huandikishwa kwa kaya, na katika kaya hizo anayeipokea mara nyingi ni mwanamke.